Iodo Bado Amelala

Kila nyumba ya Shinyanga iliamriwa kuwa na chupa tatu za kemikali ukutani, kila moja imevishwa puto mdomoni. Maputo ya Kloro na Bromo yalivimba siku zote, kwani hao hutoa mvuke hata kwenye baridi. Iodo ndiye mzito, mvivu. Huamka joto likifika nyuzi arobaini na mbili. Puto lake likivimba, mlango hujifunga hadi magharibi ili kutunza ubaridi wa ndani. Aliye nje, shauri yake.

Saa saba mchana Baba Kabula alikuwa hajarudi kutoka kisimani. Nyamizi, mkewe, aliona puto la Iodo linatikisika. Mtoto wao Kabula akilia kitandani, aliichomoa chupa akaitumbukiza kwenye mtungi wa maji baridi. Puto likanywea. Milango ya majirani ikajifunga. Wake ukabaki wazi, joto likaingia kama mgeni.

Baadaye sana mumewe akaingia, akiyumba.

“Mama Kabula! Kumbe Iodo wetu bado amelala!”

“Nilimbembeleza,” Nyamizi akacheka, machozi yakimlengalenga.

“Na Kabula?”

“Naye amelala.”

Kicheko kikamkauka. Hakukumbuka kumbembeleza Kabula. Akamgusa mguu mtoto; hakuamka. Ulikuwa mkavu, wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.