Maji Moto ya Jumamosi

Verna alimwaga birika zima la maji moto kwenye nyasi nyuma ya nyumba, akaipangusa bunduki kwa nje tu, kisha akairudisha kabatini.

"Umeimwagia?" Hoyt aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimeimwagia."

Ilikuwa Jumamosi ya tano mfululizo akitoa uongo huo huo.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake Verna. Aliinunua dukani mjini, zama zile bunduki kuukuu za jeshi la Warusi zilipokuwa zikisimamishwa ndani ya pipa kama mifagio. Akanunua na makopo ya risasi za jeshi hilo hilo. Zilikuwa za bei poa, na sababu ilijulikana: fataki zake, vile viwashio vya baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na kwa unyevu wa pwani ya Alabama, usiku mmoja tu unatosha kuuotesha kutu. Baba alipitiwa mara moja, asubuhi akakuta mtutu mwekundu, akausugua wiki nzima. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Akishapiga, binti zake wawili huchemsha maji na kuyamimina mtutuni kabla ya mtu yeyote kugusa chakula. Mafuta hayatoi chumvi. Maji ndiyo yanayoitoa.

Hoyt alipomwoa Verna aliikuta sheria hiyo, ikamfaa sana. Yeye apige, mkewe amimine.

Lakini tangu Agosti alikuwa amezidi. Kila Jumamosi alichomoa koponi vifurushi vitatu vya karatasi ya kaki, vile vilivyofungwa kwa uzi, akaaga kwamba anakwenda kulenga shabaha kwenye machimbo ya changarawe, asionekane mpaka jua linazama. Jumamosi ya kwanza kabisa, siku ndoa yao ilipotimiza miaka thelathini, alirudi kuku amekwisha kupoa, ananukia sabuni. Eti amenawa mtoni asimletee mkewe harufu ya baruti. Verna hakugomba. Alichukua birika, akaenda nalo nyasini. Alitaka kitu cha Hoyt kiharibike, na hasira ikamsahaulisha kwamba kitu chenyewe hakikuwa cha Hoyt.

Sasa ilikuwa Jumatano. Hoyt yuko kazini, hasira imekwisha, na Verna hakuwa na moyo wa kuchungulia mtutu ule akiwa peke yake. Aliifunga bunduki kwenye blanketi, akaendesha gari hadi kwa mdogo wake Loyce, mjane aliyeishi ng'ambo ya mji.

Loyce alifungua mlango mikono imejaa unga. Alipoiona bunduki, uso ulimbadilika.

"Dada! Mbona na bunduki?"

"Nimemsaliti baba," Verna alisema, machozi yakamtoka hapo hapo mlangoni.

Alieleza yote. Loyce alisikiliza huku anauma mdomo, kisha akashusha pumzi ndefu na kucheka.

"Ni hayo tu? Karibu roho initoke!"

"Kwani ulidhani nini?"

"Basi tu. Mtu mzima unakuja na bunduki Jumatano asubuhi, nidhani umeniletea maua? Na shemeji hajui?"

"Atajuaje? Yule ananiamini, maskini."

Loyce alirudi kwenye unga wake.

Verna aliilaza bunduki mezani, akachomoa komeo lake, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, akaweka kipande cha karatasi nyeupe upande wa nyuma ili mwanga upenye, kama baba alivyowafundisha. Akafumba jicho moja. Alijiandaa kuona wekundu.

Mtutu uling'aa kama kijiko kipya.

Alipangusa jicho, akatazama tena. Hapakuwa na kutu hata doa.

"Loyce, njoo uone! Ni safi!"

"Si afadhali?" Loyce alisema bila kusogea. "Labda risasi za siku hizi hazina chumvi."

"Siku hizi gani? Ni kopo la baba lile lile. Mwaka juzi niliacha komeo usiku mmoja tu likapata kutu, umesahau?"

"Basi sijui, dada."

Verna alikaa kitini. Alifikiri kidogo, halafu taratibu akaanza kutabasamu, na machozi yakarudi, safari hii ya namna nyingine.

"Hoyt," alisema. "Ni Hoyt huyo. Amegundua simimini maji, anaamka kimya kimya anaisafisha mwenyewe. Ananifichia aibu, Loyce! Na mimi huku wiki tano namnunia kama mtoto."

"Shemeji ni mtu mwema," Loyce alisema, macho kwenye unga.

"Nilimfikiria mabaya, Mungu anisamehe. Hata nilishawaza kwamba ana mwanamke." Verna alicheka, akajipangusa pua. "Leo nampikia pai ya pichi. Na Jumamosi akitaka kwenda, nitamfungia chakula mwenyewe. Hebu tunywe chai kwanza, koo limekauka. Sukari yako iko wapi?"

"Kaa, dada, nitaleta mwenyewe."

"Na mikono hiyo? Endelea na unga wako."

"Verna, nimesema kaa!"

Lakini Verna alikwisha kuingia stoo, moyo mwepesi, anaimba chini chini. Rafu ya juu ilikuwa na mahindi na maharagwe. Akainama rafu ya chini, akazisogeza chupa za pichi kando.

Nyuma ya chupa hizo palikuwa na vifurushi vya karatasi ya kaki, vimepangwa vizuri vitatu vitatu, safu tano, na uzi wa kila kimoja ulikuwa bado na fundo lake la kiwandani.