Mtukutu Hajapita

Mstari kwenye kioo cha kompyuta ulitakiwa ubonyee mahali pamoja. Haukubonyea. Badala yake ulipanda.

"Kwisha habari yake," mkuu wa kituo cha kutazamia nyota alisema, amesimama nyuma ya kiti cha mpimaji. "Nyota imeimeza ile sayari. Ona inavyong'aa! Imeshiba hiyo."

Watu wa kituo walimpachika jina la Bwana Tangazo, maana hajapata kusikia jambo akaliacha lilale. Tayari alikuwa ameshawaita waandishi wa habari waje alasiri.

Mpimaji aliendelea kuukodolea macho mstari. Sayari yenyewe ilikuwa jitu la gesi, kubwa kuliko zote za jua letu, na iliikaribia nyota yake kiasi kwamba mwaka wake ulikwisha ndani ya siku chache. Kila ilipokatiza mbele ya nyota, mwanga ulipungua kidogo na mstari ukabonyea. Aliyeigundua ni shangazi yake, ndiye aliyemlea na kumfundisha kazi. Kwa vile ilicheza karibu na moto, aliiita Mtukutu. Sasa shangazi alikuwa kitandani, hana nguvu hata za kushika kikombe, na swali lake kila siku lilikuwa moja tu.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Amepita?"

"Bado tunaangalia, shangazi."

"Usinifiche, mwanangu. Yule akienda, na mimi sina tena cha kungojea."

Mpimaji aliahidi kumpigia baadaye, akakata simu.

Akavipitia upya vipimo vya usiku uliopita. Kosa hakuliona. Kompyuta ilikuwa imefanya kama siku zote: imeilinganisha nyota na majirani zake watatu, nyota tulivu zisizobadilika, kwa kuwa hewa na mawingu hudanganya. Ni kama kumpima mtoto kimo kwenye fremu ya mlango. Mtoto hurefuka, mlango haurefuki.

"Utachunguza mpaka lini?" Bwana Tangazo aliuliza. "Wiki nzima hii nyota inazidi kung'aa. Wewe hutaki tu kukubali."

"Kweli, sitaki."

Mfa maji haishi kutapatapa. Anga la usiku ule lilikuwa safi, halina hata wingu. Akawaondoa majirani wote watatu, akaipima nyota peke yake, jambo ambalo angemgombeza mwanafunzi yeyote kwa kulifanya.

Mstari ukabonyea.

Wakati ule ule, kina kile kile. Mtukutu alikuwa amepita salama salimini mbele ya nyota yake, kama alivyokuwa akipita tangu nywele za shangazi zilipokuwa nyeusi. Mpimaji alipiga meza kwa furaha, machozi yakimtoka, akanyakua simu.

"Yupo, shangazi! Amepita!"

Upande wa pili kilisikika kilio na kicheko kwa pamoja. "Nilijua! Mtoto wangu mimi haliwi kizembe namna hiyo!" Kisha akamsikia akimwita muuguzi amrudishie chakula alichokikataa asubuhi.

Bwana Tangazo aliinama akautazama mstari, uso umemshuka. Waandishi walikuwa njiani.

"Haya, yupo," alisema. "Sasa huu mwanga ulioongezeka wiki nzima umetoka wapi?"

Mpimaji alikuwa bado anatabasamu alipofungua vipimo vya jirani wa kwanza, peke yake. Akafungua vya wa pili, na vya wa tatu. Halafu akachukua nyota zozote tu, kutoka kila pembe ya picha za usiku ule, moja baada ya nyingine, huku shangazi akiendelea kucheka kwenye simu.

Nyota yao haikuwa imeongeza mwanga hata chembe. Ndiyo pekee iliyokuwa haijaanza kufifia.