Mizunguko Mitano

Mume wa Remei alisimama mlangoni mwa jikoni, ameshika ncha ya ule mshipi mrefu mweusi wa kitambaa ambao wapanda minara ya watu hujizungushia kiunoni.

"Mizunguko mitano," alisema. "Daktari kasema kichwa kisipouma, Jumapili unarudi kwenye mnara. Kikiuma, tunaendelea na mazoezi ya shingo."

Remei alibana ncha nyingine kiunoni. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mnara wa watu uporomoke uwanjani, goti la mwenzake likamgonga kisogoni. Alitamani hata ule uzito: nyayo tupu za mtu mabegani mwake, zumari likianza kulia.

Akazunguka kumwelekea mumewe, kitambaa kikimkaza mbavu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu, na nyuma ya jicho la kushoto pakaanza kugonga, kama kila siku.

Akatabasamu.

"Vipi, bibie?"

"Shwari. Vuta bwana, mbona unashika kama mgonjwa ni wewe?"

Mumewe hakuvuta. Kitambaa kilikuwa kinatetemeka kati yao, na mume alihisi vidoleni kwamba mtetemo ulitoka kwa mkewe.

"Remei."

"Vuta, nakuomba. Imebaki miwili tu."

Mumewe akaiachia ncha ya kitambaa.