Kamusi ya Nambua

"Mwalimu, hayo unayoandika miaka nenda rudi, nani anayasoma?" jirani aliwahi kumuuliza Nambua, naye akacheka tu. Leo swali lilirudi, mbele ya jopo la kumpandisha awe profesa.

"Mwenzako anayetafiti malaria ametajwa na watafiti elfu katika maandiko yao," alisema mwenyekiti. "Kamusi yako, wawili."

"Kamusi hutumiwa, Mwenyekiti. Haitajwi."

"Mizani ni moja, dada, uwe unauza mkaa au hina. Tumekataa." Akamgeukia karani. "Barua ya kumkatalia iwe ya Kiswahili fasaha. Hebu nipe kamusi."

Ilikuwa ile ile ya Nambua, imechakaa kwa vidole vyao. Mwenyekiti akailamba ncha ya kidole, akapekua. Ukurasa ukadondoka. Nambua akauokota, akaurudisha mahali pake, akatoka.