Taulo Juu ya Paneli

Baba alishuka kwenye gari lao la kulala safarini akiwa na maneno mengine ya kumwambia mama mkwe wake. Alipomwona kando ya tairi, akasimama.

Asubuhi alikuwa amemfokea mbele ya watoto. "Mama, hiyo redio yako ndiyo inayotumalizia betri. Friji imezima, na dawa yako ya sukari imo humo humo." Mama mkwe aliizima redio, akaipakata kama mtoto wa watu.

Paneli ya sola, ile ya kukunja iliyochaji betri hiyo, baba aliichagua mwenyewe. Muuzaji alipojaribu kumweleza kwamba kivuli kidogo tu kwenye kona huidhoofisha yote, alimkatiza: "Najua, najua." Kila siku aliiegemeza kwenye tairi ikatazama jua. Kila siku, akitoka kuoga, alianika taulo lake kwenye kioo cha pembeni, na ncha ya taulo ikaning'inia hadi juu ya paneli.

Sasa mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, taulo mikononi, analikunja taratibu huku akilinyoosha kwa kiganja kama nguo ya mgeni. Ndani ya gari friji ilikohoa, kisha ikaanza kunguruma.

"Lilikuwa wingu tu, baba," alisema bila kumtazama. "Limeshapita."

Akamkabidhi taulo. Alilipokea kwa mikono miwili, macho chini.

Binti yake mdogo aliinua uso, akaipekua mbingu yote.

"Wingu gani, bibi?"