Popi Asife Wiki Hii

"Punguza sauti, daktari. Macho ndiyo yamekufa, masikio bado."

Hyasinta alimvuta Yunis mpaka nyuma ya jiko, mbali na kibaraza alikokaa mumewe. Yunis, daktari wa mifugo, alikuwa ameshinda Mwisenge akichanja mbwa dhidi ya kichaa. Miguu ilimuuma, koo lilikuwa limemkauka kwa kubishana na watu waliokuja na mbwa bila kamba, na hapa Buhare alitarajia kazi fupi: kumpumzisha mbwa mzee kwa sindano, kisha aende nyumbani akalale. Kumbe kazi fupi haijazaliwa bado.

Mbwa mwenyewe, Popi, alilala kibarazani miguuni pa Mzee Machage. Tumbo lilikuwa limevimba upande mmoja, gumu kama kisiki. Kusimama hawezi, kula hataki. Kila alipovuta pumzi alitoa mlio mdogo, na kila alipolia mzee alimpapasa kichwa na kumwambia tulia, tulia.

"Uvimbe ule siwezi kuutibu, mama," alisema Yunis. "Namchoma sindano ya usingizi, akishalala namchoma ya pili. Hatasikia kitu. Ila iwe leo."

"Leo haiwezekani. Nipe wiki."

"Wiki nzima atakuwa analia hivyohivyo. Unavumiliaje?"

"Sivumilii. Huwa nazibaga masikio na khanga."

Yunis alishusha pumzi. Wenye mbwa wote huomba wiki, na alishachoka kuwaeleza kwamba wiki hiyo anailipa mbwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkera tangu alipomfungua mbwa yule kinywa.

"Mzee ameniambia alimchukua Popi mwaka ambao Robert wenu alianza darasa la kwanza. Robert si ndiye aliyenipigia simu, yule ambaye naye sasa ana watoto shuleni? Mama, meno ya mbwa huyu hayajafika hata miaka kumi."

Hyasinta alichungulia kibarazani, kisha akakaa juu ya kinu kilicholazwa ubavu. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Huyu si Popi," alisema.

Popi wa kweli ndiye aliyemwongoza mzee macho yalipozima. Alimpeleka chooni, alimpeleka kanisani, na wakati wa kula alimlalia miguuni akisubiri tonge lake. Mzee akaapa mbele ya watoto wote: siku Popi akifa, asipikiwe tena. Na Machage akisema neno, amelisema. Aliwahi kumaliza mwaka mzima bila kumsemesha kaka yake wa tumbo moja kwa sababu ya ndama.

Kwa hiyo asubuhi ile Hyasinta alipomkuta Popi amekauka miguuni pa mzee, na mzee mwenyewe anakoroma kitini, hakulia. Alimburuta hadi kwenye mahindi, akamzika. Mzee alipouliza, akamwambia mbwa amefuata jike.

"Kwa umri ule?" mzee alisema, basi.

Hyasinta akaenda Buswahili kwa dada yake, Marieta, kutafuta mbwa wa kimo kile na manyoya yale. Popi alikuwa amekatwa ncha ya sikio tangu udogoni, kama wengi wanavyowakata mbwa wao ili wawe wakali. Yule mgeni naye akakatwa kwa wembe, wakangoja kidonda kikauke. Siku zote hizo mzee alikunywa maji tu. Mgeni alipoletwa, akaitwa Popi, na mzee akala.

"Wa tatu yuko kwa Marieta sasa hivi," alisema Hyasinta. "Sikio lake bado bichi. Baba Robert akilishika tu, atajua. Na akijua hatatia chakula kinywani tena, namfahamu. Nitabaki na nani, daktari? Watoto wenyewe ni wa kwenye simu."

Yunis alisikia mlio ule mdogo kutoka kibarazani, akausikia tena. Alisomea ng'ombe, mbuzi na mbwa; waume wa watu hakuwasomea.

"Nitamchoma ya kutuliza maumivu tu," alisema hatimaye. "Itamsogeza mpaka kesho. Wiki hafiki."

Hyasinta alimshika mikono yote miwili akamshukuru, akaingia jikoni kumpashia mbwa maziwa. Yunis akaenda kupiga magoti kibarazani, akavuta dawa kwenye sindano. Alijichukia kidogo. Kabla hajamgusa mbwa, mkono wa Mzee Machage ukatua juu ya wake.

"Binti yangu, hiyo ni ya kumlaza au ya kumchelewesha?"

Yunis aliishusha sindano.

"Mlaze. Ameteseka vya kutosha, na amenitunza vizuri."

"Lakini mzee, mama anaogopa wewe uta..."

"Anaogopaga mwenzangu, najua. Wewe mlaze. Na usimwambie kitu, mimi nitamsubiri huyo wa Buswahili."

Jikoni sufuria iligonga jiwe la jiko. Mzee akashusha sauti.

"Popi wangu alifia hapa mapajani. Nikamlaza chini taratibu, nikajifanya nakoroma, nisikie mama Robert ataniambiaje. Hakuniambia, akaenda kunitafutia mwingine. Sasa mtu amehangaika hivyo ili nisife, ugali wake nitaukataaje?"