Mwisho wa Lantana

"Anti, muue Lantana ukitaka, lakini usimwoze kwa yule mzee!"

Balaraba akaisogeza simu mbali kidogo na sikio. Hapa Kano mwandishi wa riwaya za mapenzi huchapa namba yake nyuma ya kitabu, na wasomaji humpigia kama jirani. Huyu, binti aitwaye Hansatu, alipiga kila siku tangu sehemu ya kwanza ya riwaya ya Lantana itoke.

"Hii si hadithi tu, mwanangu?"

"Kwangu si hadithi. Baba ananioza kwa tajiri wa rika lake, mwenye mke tayari. Na mimi nampenda Tijjani, fundi cherehani. Niko naye stendi sasa hivi. Niambie sehemu ya pili inaishaje, Anti. Lantana akitoroka, wallahi napanda basi."

Balaraba akatazama daftari lake. Lantana alikwisha kutoroka, kipenzi chake ubavuni, na Balaraba alikuwa ameiandika aya ile huku akilia kwa furaha. Lakini msichana wa riwaya iliyopita naye alitoroka. Masheikh wakasema inapotosha mabinti, nakala zikachomwa moto uwanjani. Mumewe, Alhaji Iro, akaapa: "Ukirudia, hiyo kalamu naivunja." Na bila kalamu Balaraba hakuwa na kitu cha kuitwa chake.

"Anti! Basi linaondoka!"

"Anamtii baba yake," akasema Balaraba. "Anaolewa. Mapenzi yanamkuta humo humo ndani ya ndoa, na mke mkubwa anampokea kama mdogo wake."

Hansatu alilia kilio cha mtu aliyekata tamaa kabisa.

"Kama Lantana kaweza," akasema mwishowe, "basi na mimi nitajikaza."

Simu ikakatika. Balaraba alijichukia. Hata hivyo akauchana ukurasa wa mwisho na kuuandika upya.

Alasiri Alhaji Iro aliingia na sanduku la vitenge vipya, akaliweka miguuni pake bila kumtazama usoni. Hakuna mwanamke wa Kano asiyejua sanduku kama hilo: ndilo mume analompozea mkewe anapomletea mke mwenza. Balaraba akakaa chini.

"Ndoa ni Ijumaa," akasema Alhaji. "Nilichelewa kukwambia maana binti alikuwa hataki katakata. Leo mchana, sijui kaingiwa na nini, kakubali. Anaitwa Hansatu. Vitabu vyako vyote kavisoma, ila bado hajui kuwa mke mkubwa ni wewe."